Kiatu Kinachoshika na Kuachia

Kiatu cha kawaida kina kazi moja tu, nayo ni kubaki mguuni. Kiatu cha skii ya majini kina kazi mbili, na kazi hizo hazipatani. Kwanza kiushike mguu barabara, kwa sababu mtu anayevutwa na boti juu ya ubao mmoja huuelekeza ubao huo kwa nyayo na vifundo vyake. Kiatu kikilegea hata kidogo, ubao hausikii anachotaka. Pili, siku akianguka, kiuachie mguu mara moja, kabla mfupa au ukano haujaumia. Insha hii inahusu jinsi familia yetu ilivyotafuta kiatu cha namna hiyo kwa ajili ya kaka yangu, na jinsi tulivyokifunga kwenye ubao kwa mikono yetu wenyewe.

Najua wenzangu wengi darasani hawajawahi kuuona mchezo huu, kwa hiyo nieleze kwanza. Kuna skii ya mbao mbili, ambayo wageni wengi huanza nayo, na kuna slalomu, ambayo ni ya ubao mmoja. Katika slalomu mguu mmoja hukaa mbele na mwingine nyuma yake, kwenye mstari mmoja, na chini ya mkia wa ubao kuna pezi dogo la chuma linalouzuia usiteleze ovyo. Katika mashindano boti hupita katikati moja kwa moja bila kupinda, na mchezaji huyazunguka maboya sita, matatu kila upande. Njia hiyo ina urefu wa mita 259. Kila boya liko mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Kasi ya juu ni kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Mchezaji akiyamaliza maboya yote kwa kasi hiyo, kamba hufupishwa hatua kwa hatua kuanzia mita 18.25. Ipo hatua ambayo kamba inabaki mita 11.25, yaani ni fupi kuliko umbali wa kutoka katikati hadi kwenye boya! Hapo mchezaji hulifikia boya kwa kuulaza mwili karibu na maji na kuunyoosha mkono mpaka mwisho. Mwili mzima unaning'inia, na kinachouunganisha na ubao ni viatu viwili tu.

Aliyeanzisha mchezo huu ni Ralph Samuelson, kijana wa miaka 18, katika Lake Pepin, jimbo la Minnesota nchini Marekani, mwaka 1922. Alinunua mbao mbili, akazilainisha ncha kwa maji ya moto ili zipinde kwenda juu, kisha akapigilia mikanda ya ngozi ya kushika miguu. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, maana niliona kwamba tangu siku ya kwanza swali lilikuwa lile lile lililotusumbua sisi: mguu utafungwaje?

Sisi tunaishi Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Ziwa letu halina mamba wala viboko, na alfajiri maji yake hulala kama kitambaa kilichopigwa pasi. Goma iko ng'ambo ya mpaka, mtu anakwenda kwa miguu. Ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili kilizungumzwa zamani sana kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi yetu mwaka 2017, ila ni Kiswahili cha Goma, ambacho walimu wangu wa chuo kikuu hukisahihisha kila siku kwa wino mwekundu. Mjomba wangu, ndugu wa mama, amelelewa Goma. Yeye ndiye anayetunza boti na vifaa vya mahali fulani pa wageni ufukweni. Kaka yangu, ambaye sote tunamwita Yaya, alifuata njia yake: asubuhi huwafundisha wageni kusimama juu ya maji, na wakitaka kuona slalomu, huwaonyesha. Kutokana na kazi hiyo mimi nimelipiwa chumba, daftari na nauli ya kwenda chuoni kwa miaka miwili.

Yaya aliumia katika mwaka wangu wa pili. Alikuwa amevaa viatu vya mpira vilivyokuwa vidogo kwake. Viatu vile, ili mguu uingie, ilibidi kumimina sabuni ya maji nyingi, kuvuta, kuhema na kuvuta tena. Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Sabuni humsaidia mtu kuingia, lakini baada ya dakika chache ziwa limeiosha yote. Mguu ulioingia kwa utelezi unatakiwa kutoka bila utelezi. Alipoanguka, mguu wa nyuma, ambao ulikuwa umeshikwa na mkanda wa vidole tu, ulichomoka. Mguu wa mbele ukabaki. Mwili ukatangulia, ubao ukasimama majini, na ukano wa kisigino cha kushoto ukakatika. Alifanyiwa upasuaji, akatembea kwa magongo, kisha kwa fimbo, kisha kwa kuchechemea. Ilipita karibu miezi kumi kabla hajashuka ngazi bila kushika ukuta.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mtoto wake hatapanda tena kile kitu. Lakini sote tulijua maana ya maneno hayo. Mwalimu wa skii asiyepanda skii hupewa kazi ya kubeba majaketi na kukunja kamba, na ujira wake hupungua mpaka unatosha mtu mmoja tu. Yaya alitaka kurudi majini, mama alitaka abaki mzima, na mimi nilikuwa katikati, nikijua kwamba ada ya mwaka wa tatu ilitegemea mguu ule ule. Nilipokwenda nyumbani likizo ndefu, Mjomba alituita sote na kusema kwamba ugomvi hautamaliza jambo. Tuangalie kiatu.

Mama aliuliza swali moja: "Mnaweza kunionyesha kinavyoachia?" Hakuuliza kinavyoshika.

Naomba msomaji aelewe kwamba mama anajua viatu. Kwa miaka mingi aliuza viatu vya mitumba sokoni, na kodi ya mitumba ilipopanda mwaka 2016 akahamia viatu vipya vya bei nafuu. Amepima miguu ya watu kuliko fundi yeyote. Kwa hiyo Mjomba alipotoa vifaa vilivyokuwa stoo na kuvipanga mkekani, mama aliyekuja kukataa akajikuta amechutama, anabonyeza mpira kwa kidole gumba.

Vilikuwa vya aina tatu. Aina ya kwanza ni viatu vya mpira mtupu, kama vile vilivyomuumiza Yaya ila vikubwa zaidi. Ni laini, ni rahisi kutunza, lakini havina kamba, hivyo vikikukaa vibaya huna la kufanya. Aina ya pili ni kiatu kigumu cha plastiki chenye soksi nene ndani. Hicho huushika mguu kuliko vyote. Mguu hautegemewi kuchomoka ndani yake. Badala yake, kibao kinachobeba viatu hung'oka kutoka kwenye skii mtu anapoanguka. Faida yake ni kwamba, viatu vyote viwili vikiwa juu ya kibao kimoja, miguu hutoka pamoja. Hasara yake ni kwamba mtambo wa kung'okea lazima urekebishwe kwa uzito na nguvu za mtu, na ukiukaza mno hauachii, ukiulegeza mno hukutupa katikati ya mkunjo bila sababu. Aina ya tatu ni kiatu laini chenye kamba za kukaza, wazi mbele ili vidole vitokeze, na nyuma kina ulimi wa kushika kisigino.

Kuhusu mguu wa nyuma pia kulikuwa na uamuzi. Wengine huweka kiatu kamili nyuma, wengine huweka mkanda wa vidole tu. Viatu viwili kamili hukupa uthabiti, lakini sharti lake ni kwamba vyote viachie kwa wakati mmoja, kwa sababu mguu mmoja ukitoka na mwingine ukabaki, ule uliobaki unageuka kuwa mpini wa kuuvunjia mwili. Mkanda wa vidole huachia kwa urahisi sana. Lakini kwa sababu unaachia mapema, kiatu cha mbele nacho hakina ruhusa ya kuwa king'ang'anizi. Nilipoliandika jambo hili kwenye daftari, niliona wazi kilichotokea siku ile ya ajali. Mkanda wa nyuma ulifanya kazi yake sawasawa. Kiatu cha mbele ndicho kilichokuwa kidogo.

Yaya alipenda kile kigumu. Kijana gani hapendi kitu kinachong'aa? Mjomba akamwuliza nani hapa Rubavu ataurekebisha mtambo ukiharibika, na kipuri chake kitatoka wapi. Yaya akanyamaza. Mwishowe tulichagua kiatu cha kamba mbele na mkanda wa vidole nyuma. Sababu zilikuwa tatu: kinaweza kulegezwa na kukazwa kwa kadiri ya mguu uliopona, kinashonwa hapa hapa kikichanika, na mtu akianza ndani ya maji anaweza kuuacha mguu wa nyuma ukielea kama usukani mpaka asimame, ndipo auingize kwenye mkanda. Hakuna aliyedai kwamba kiatu hicho hakiwezi kumuumiza mtu. Tulitafuta kilicho na nafasi nzuri zaidi ya kuachia.

Kipimo alikisimamia mama. Alikataa katakata kupima asubuhi. "Mguu wa asubuhi ni wa mwongo," alisema, "njooni jioni ukiwa umevimba." Alipima miguu yote miwili, akagundua kwamba wa kushoto, ule ulioshonwa, sasa ulikuwa mnene zaidi kwenye kisigino. Kwa namba ya zamani ya Yaya, kiatu kingembana pale pale penye kovu. Tukachukua kilichozidi kidogo, tukamwachia kazi ya kukikaza kwa kamba.

Ilibaki kujua mguu upi ukae mbele. Mjomba ana njia yake: humwambia mtu asimame wima, miguu pamoja, kisha humsukuma kidogo mgongoni bila kumwonya. Mguu unaotangulia kumzuia asianguke mara nyingi ndio wa mbele. Njia nyingine ni kumpandisha kwenye mbao mbili na kumwambia anyanyue mguu mmoja. Ule anaosimamia kwa utulivu ndio wa mbele. Tulitaka kuona kama mguu ulioumia umepoteza nafasi yake. Yaya alisukumwa mara nne. Mara zote nne kushoto kulitangulia. Mama aligeuza uso akatazama ziwa.

Siku iliyofuata tulianza kufunga. Kabla ya kufungua vile vya zamani, nilipima kwa futi kutoka mwisho wa mkia hadi nyuma ya kisigino cha kiatu cha mbele, nikaandika: sentimita 75 na milimita 4. Mjomba alisisitiza hili kuliko yote. Mahali pa kiatu ndipo panapoamua tabia ya ubao. Kikisogezwa mbele, pua ya ubao huzama zaidi, ubao hupunguza kasi na kukata kona kwa ukali. Kikirudishwa nyuma, pua hunyanyuka, na ubao huwa mvivu wa kugeuka. Tofauti ya tundu moja tu mchezaji huisikia. Kwa kuwa Yaya alikuwa amezoea pale pale, na kwa kuwa mguu ulikuwa na mambo mengi mapya ya kujifunza, tuliamua tusibadilishe mahali. Kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Skrubu za zamani zilitoka kwa shida, mbili zikiwa zimeshika kutu. Mjomba aliniomba "turunevisi," mimi nikampa huku nikisema "bisibisi," na yeye akacheka akasema kumbe chuoni wanatufundisha majina ya kuku. Tulitumia skrubu mpya nane za chuma kisichoshika kutu, nne za mbele na nne za nyuma. Urefu wake tuliupima kwa kijiti: tulikizamisha ndani ya kijitundu cha ubao, tukaweka alama, tukaongeza unene wa kibao cha kiatu. Skrubu ikiwa fupi hushika mikunjo michache tu na itachomoka. Ikiwa ndefu hugota chini kabla kibao hakijabanwa, na ukiendelea kulazimisha unaweza kukisukuma kile kijitundu cha chuma kutoka mahali pake na kuuharibu ubao wote. Kijana mmoja wa pale alikuja na mashine ya umeme ya kukazia ili atusaidie. Mjomba alimshukuru, akamwomba airudishe alikoitoa.

"Usikaze moja mpaka mwisho, mutoto," aliniambia. "Kaza zote nusu kwanza. Chuma njo itakuambia wakati imefika."

Basi nilizikaza zote nusu, kisha nikaenda kwa msalaba: ya mbele kushoto, ya nyuma kulia, ya mbele kulia, ya nyuma kushoto. Kwa njia hiyo kibao hulala sawa na hakivutwi upande mmoja. Kiatu cha mbele tulikielekeza moja kwa moja na mstari wa katikati. Mkanda wa nyuma tuliusogeza karibu na kisigino cha mbele na kuugeuza kidogo tu, kwa sababu Yaya alisema goti lake la nyuma hupumua vizuri hivyo. Nilipomaliza nilikishika kiatu kwa mikono miwili nikakitikisa kwa nguvu zangu zote. Hakikucheza.

Sasa ilikuwa zamu ya mama. Tuliuweka ubao kwenye nyasi, Mjomba akaukanyaga pande zote mbili. Mama alimimina maji ya ziwa kwenye kiatu, bila sabuni. Yaya akaingiza mguu, akakaza kamba kama atakavyokaza majini. Kisha mama akapiga magoti, akamshika chini ya goti na nyuma ya kisigino, juu kidogo ya kovu, akasema, "Tulia, mimi ndiye navuta." Akavuta kwenda juu na mbele. Kisigino kilikataa, kikakataa, kisha kikatoka. Akamwambia avae tena. Mara ya pili kilitoka kwa shida zaidi, kwa kuwa Yaya alikuwa amekaza kamba kwa majivuno. Mama aliilegeza mwenyewe, akachukua kalamu yangu ya wino na kuichora kamba alama mahali ilipofungwa. "Hapa," alisema. "Usivuke hapa hata mgeni akikupa dola mia."

Tuliingia majini siku mbili baadaye, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulingoja kwanza wavuvi wa sambaza warudi, wale wanaofunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, maana mawimbi ya boti yetu huwasumbua. Mjomba aliendesha, mimi nilikaa nyuma kutazama, na mama alisimama gatini na kitenge begani. Yaya aliinuka mara ya kwanza. Hakwenda kwa kasi, wala hakukuwa na maboya. Alikata kushoto, akarudi, akakata kulia, maji yakaruka kama pazia. Mara ya tatu alikosa uzani akaenda chini.

Nilisimama kabla boti haijageuka. Kwanza nikaona ubao unaelea peke yake, tumbo juu. Halafu nikaona jaketi. Halafu nikaona miguu miwili, yote miwili, mitupu, ikipiga maji. Alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nalia. Mjomba alizima injini akakaa kimya muda mrefu, mikono juu ya usukani.

Katika somo la sarufi tumefundishwa kwamba Kiswahili hutengeneza kinyume cha tendo ndani ya kitenzi chenyewe: funga, fungua, vaa, vua, ziba, zibua. Nilipolisoma jambo hilo mwaka wa kwanza niliona ni kanuni ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Sasa naona kwamba fundi mzuri wa viatu vya skii ni yule ambaye, anapofunga, tayari anafikiria kufungua. Lugha yetu ilikuwa imelisema hilo, ila mimi nilihitaji bisibisi ili kulisikia.

Tulipofika gatini Mjomba hakuturuhusu kwenda kunywa chai kabla ya kukagua. Nilizipima skrubu moja moja kwa bisibisi. Mbili zilikubali nusu mzunguko, kama alivyosema zingefanya, kwa sababu kibao kipya hukaa sawasawa baada ya kupigwa na maji. Tangu hapo Yaya huzikagua kila Jumamosi, na mimi nimerudi chuoni kuanza mwaka wa tatu. Mama hampigii simu kumwuliza kama amekula au amelala vizuri. Humwuliza kama skrubu zimekazwa, na kama kamba bado inaishia kwenye ile alama ya wino.